Miaka Miwili Dubai Nayo ni Maisha

Kila anayepata kazi Ghuba huagwa kwa nasaha. Fanya kazi kwa bidii, usijibizane na bosi, tunza pasipoti, usitusahau. Ni nasaha njema, na zote zinahusu kazi au wale wanaobaki. Sijasikia bado mtu akiulizwa uwanja wa ndege kwamba mwezi wa pili atalala wapi, atapika nini, siku ya ofu atakwenda wapi, na akishikwa na homa usiku atamgongea nani mlango. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, nchi ilimo Dubai, inaweka ukomo wa saa 48 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa ovataimu, toa safari za basi, toa usingizi. Bado zinabaki saa nyingi ambazo hazimo kwenye mkataba wowote, na mara nyingi ndizo zinazoamua kama mtu atarudi kwao na akiba au na madeni, akiwa mzima au amechoka mwili na roho.

Nataka kuzitetea saa hizo. Miongoni mwetu Dubai, Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo tuliokuwa tukisalimiana Kiswahili kwenye lifti, kulikuwa na kauli inayofunga kila mjadala: "Mimi sikuja kuishi hapa, nimekuja kutafuta." Mwambie mtu anunue shuka yake, atakujibu hivyo. Mwambie muende ufukweni Ijumaa jioni, jibu ni hilo hilo. Kauli hiyo ina heshima yake, maana nyuma yake kuna mama anayesubiri dawa, kuna ada ya mdogo wake, kuna kiwanja kilichotiwa msingi kikasimama. Hata hivyo, kwa niliyoyaona, anayekataa kuishi katika mji anaofanyia kazi ndiye anayechelewa kukipata kile alichokifuata.

Haki itendeke kwanza. Wazo la kwamba tunapita tu hatukulitunga wenyewe. Katika Falme za Kiarabu karibu watu tisa kati ya kila kumi ni wageni, na ukaazi wa mfanyakazi wa kawaida hutolewa kwa miaka miwili miwili, umefungwa kwa mwajiri wake. Kazi ikiisha, saa ya kuondoka inaanza kuhesabu. Mtu aliyepewa karatasi ya namna hiyo ana sababu ya kutojitandaza. Lakini angalia hesabu inavyokwenda: miaka miwili ya kwanza huongezwa miwili mingine, kisha mitano inapita, na nimewafahamu watu waliofikisha kumi wakiwa bado wanasema wanapita. Muongo mzima wa ujana wao waliishi kama abiria waliolala stendi wakingoja basi la alfajiri.

Twende kwenye chumba, maana huko ndiko mambo yanakoanzia kuharibika au kutengemaa. Kampuni nyingi za ulinzi, usafi na ujenzi huwapa watu wake malazi, na mara nyingi malazi hayo yako Al Quoz, Jebel Ali, au Muhaisnah ambayo wengi bado huiita Sonapur, mbali na maduka na pilikapilika za watu. Wengine hupewa posho ya nyumba wakajitafutie, na hao huishia kwenye bedispesi. Hapo unakodi kitanda tu. Kitanda cha chini katika chumba cha watu sita pale Deira, upande wa Al Rigga, kilikuwa kama dirhamu 700 kwa mwezi, maji, umeme na intaneti vikiwa ndani yake. Cha juu kilipungua kidogo. Patisheni, yaani kijichumba kilichokatwa kwa mbao ndani ya sebule, ilikuwa mara mbili ya hapo na haikuwa na dirisha.

Ngoja nikuonyeshe chumba kimoja. Vitanda vitatu vya ghorofa, kila kimoja kimezungushiwa pazia la shuka lililopitishwa kamba. Nyuma ya pazia: taa ndogo ya kubana, chaja, picha ya mtoto, dawa ya kikohozi. Friji moja, rafu imegawanywa kwa plasta nyeupe zenye majina. Mlangoni pamebandikwa karatasi ya zamu za jiko, na viatu vyote vinabaki koridoni. Humo walikuwamo kijana wa Kisumu, mlinzi, na Mganda mmoja aliyekuwa mpishi msaidizi hotelini. Walifika mwezi mmoja. Mganda wiki ya kwanza alikwenda kwenye yale maduka ya bei chee ya mtaa wa Naif akanunua mto, shuka mbili, pazia zito, vizibo vya masikio na kulabu za ukutani, vyote havikufika dirhamu mia. Kijana wa Kisumu hakununua kitu. Sanduku lake lilikaa miguuni pa kitanda, zipu imefungwa, miezi na miezi, na kichwa alikilaza juu ya jaketi la kazi.

Yule mlinzi alikuwa zamu ya usiku. Kulala mchana katika chumba cha watu sita, bila pazia, taa ikiwashwa na kuzimwa, ni sawa na kutolala. Alianza kusinzia lindoni, akapigwa faini na msimamizi, kisha mgongo ukamuuma akakaa kitandani siku tatu. Alikuwa bado kwenye majaribio, na sheria haimpi mfanyakazi wa majaribio likizo ya ugonjwa yenye malipo. Siku tatu zilikatwa. Fedha alizookoa kwa kutonunua pazia na mto zilipotea mara kadhaa mwezi huo mmoja. Simsemi vibaya hata kidogo. Alikuwa na deni la ajenti, deni ambalo kwa sheria ya huko halikupaswa kuwa juu yake, kwa kuwa gharama za kuajiri ni za mwajiri. Mtu mwenye deni la namna hiyo haoni pazia kuwa ni kitu cha lazima. Ndiyo maana mambo haya lazima yasemwe kabla mtu hajapanda ndege, na wasemaji wawe watu anaowaamini.

Kuna jambo jingine kuhusu vyumba hivi ambalo anayekwenda sasa anapaswa kulijua. Juni 2025 mamlaka za Dubai ziliwakalia kooni wenye nyumba waliokata patisheni bila kibali, katika maeneo kama Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Satwa, Al Barsha na Al Raffa. Mbao zilivunjwa kwa ajili ya hatari ya moto, na hatari hiyo ni ya kweli. Nimeona milango ya dharura iliyozibwa na makabati. Ila aliyevunjiwa alibaki na mabegi barabarani, na kodi ya mwezi imeshaliwa. Kabla ya kutoa pesa, uliza jina la mpangaji mkuu liko kwenye mkataba gani wa nyumba, na kama mwenye nyumba anajua mko wangapi. Anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu.

Halafu umbali. Watu hutazama bei ya kitanda, hawatazami bei ya kukifikia kitanda. Metro ya Dubai, iliyoanza mwaka 2009, inatoza kwa kanda: dirhamu 3 ukibaki kanda moja, 5 ukigusa mbili zinazopakana, 7.50 ukivuka zaidi, kwa kadi ya kawaida ya nauli iitwayo Nol. Anayelala Deira akafanya kazi Marina analipa 15 kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 390, afadhali anunue tiketi ya mwezi ya 350. Anayelala kanda anayofanyia kazi anatumia 156. Kwa hiyo kitanda kilichopungua dirhamu 150 huko mbali hakijampunguzia mtu kitu, na bado hatujahesabu muda. Wapo wanaokaa Sharjah, mji jirani, kwa sababu vyumba ni nafuu, wakapanda basi kila alfajiri na kukwama barabara ya Al Ittihad kwa saa moja, wakati mwingine mbili. Saa tatu za njiani kila siku, kwa miaka miwili, ni sehemu ya mshahara ambayo mtu amejikata mwenyewe.

Chakula nacho. Hapa ndipo nilipowaheshimu sana Wahindi wa Kerala. Watu wa jimbo hilo wamekuwa wakienda Ghuba kwa wingi tangu mafuta yapande bei miaka ya 1970, na wamejifunza kukaa. Wanapofika, wanajipanga kwenye chumba cha watu wa kwao, wanaanzisha chungu kimoja, wenyewe wanakiita mesi: kila mmoja anatoa fedha mwanzo wa mwezi, mmoja anashika daftari, wanapika kwa zamu, wanakula pamoja usiku. Mgeni anayeingia leo anakuta sahani yake imewekwa. Sisi tunaotoka kwenye nchi za kula sinia moja tuliishia kila mtu na sufuria yake na rafu yake ya friji, tukigombania majiko mawili saa nne usiku.

Hesabu ni nyepesi. Mlo wa kawaida wa mkahawa, biriani au wali na samaki, ulikuwa dirhamu 10 hadi 15. Mara tatu kwa siku hata kwa bei ya chini ni 900 kwa mwezi, na ukiwa na mshahara wa 2,000 umekwisha kumaliza karibu nusu yake. Chumba chetu kilipoanzisha chungu, watu wanne tukitoa 250 kila mmoja, tulikula kwa fedha hiyo na mchele ukabaki. Unga wa sembe tuliupata kwenye maduka ya Kiafrika ya Naif, dagaa pia, mchicha kwa Wabangladeshi. Jumapili mmoja alisonga ugali wa sufuria kubwa, mwingine akakaanga samaki waliotoka sokoni kule Deira, na koridoni wakaja watu wa vyumba vingine kwa harufu tu. Kupunguza matumizi ilikuwa faida ya kwanza. Faida ya pili ni kwamba kila usiku palikuwa na mtu anayejua umerudi au hujarudi.

Hiyo faida ya pili ndiyo ninayotaka isipite haraka. Mtu anayekula peke yake kitandani, simu mkononi, anaweza kukaa wiki nzima bila yeyote kujua kuwa amepunguziwa saa za kazi, kwamba bosi amemshikia pasipoti, kwamba hajalipwa mwezi wa pili. Kushikiwa pasipoti ni kinyume cha sheria, na mshahara unatakiwa upitie mfumo rasmi wa malipo uliowekwa mwaka 2009, ambamo Wizara ya kazi inaona kama kampuni imelipa au haijalipa. Taarifa hizi zipo. Watu wengi nilioishi nao walizipata mezani, kutoka kwa mtu aliyewahi kupitia hayo, wala si kwa ofisa yeyote. Pasipo na meza, taarifa hazina pa kupitia.

Kwenye meza hiyo hiyo nilijifunza jambo ambalo nadhani ndilo la thamani kuliko yote kwa anayesaini mkataba: tazama mshahara wa msingi. Kampuni inaweza kuandika 2,000, kisha ikaigawa 1,000 ya msingi na 1,000 ya posho. Kila mwezi unapokea kile kile, huoni tofauti. Lakini kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 baada ya hapo. Kwa msingi wa 1,000, mwaka mmoja unakupa dirhamu 700. Kwa msingi wa 2,000, unakupa 1,400. Ovataimu nayo inasimama juu ya msingi huo huo. Mtu anayejiambia kuwa anapita tu hasomi mstari huo, maana kiinua mgongo ni cha watu wanaokaa. Miaka sita baadaye yuko bado hapo, na mstari umekwisha kumgharimu.

Sasa simu. Hapa najua nitawagusa walio nyumbani, na nawaomba wanivumilie. Dubai iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja tu, kwa hiyo jioni yetu na yao ni moja. Mfanyakazi anavua viatu saa tatu usiku, nyumbani saa mbili, ndio wakati ambao kila mtu amekaa. Simu za sauti za WhatsApp zimefungwa huko, watu hutumia programu zilizoruhusiwa kama BOTIM, au sauti za kurekodi. Na sauti hizo zinajaa. Shemeji anauliza kuhusu bati. Mjomba ana mgonjwa. Kamati ya harusi imemwekea kiwango bila kumuuliza, kwa sababu yuko Dubai. Kundi la ukoo linamtaja jina mara tatu. Hakuna ubaya kwa yeyote kati yao. Kila mmoja anaomba mara moja tu. Yeye ndiye anayeombwa na wote, kila usiku, na kati ya kazi na usingizi hana saa hata moja ambayo yuko pale alipo.

Fedha zinazotumwa nyumbani si kidogo. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu karibu dola bilioni 4.9 zilizotumwa na Wakenya wa nje mwaka 2024. Tunazisifu fedha hizo bungeni na kwenye magazeti. Hatujawahi kujiuliza kwa uwazi mtu aliyezituma alibaki na nini wiki ile. Niliona wanaotuma mshahara wote siku ya malipo kisha wakakopa nauli ya metro kwa wenzao. Niliona pia, na ni wachache, waliokaa na familia mapema wakasema: nitatuma kiasi hiki, tarehe hii, na dharura zitapitia kwa dada mkubwa peke yake. Mwanzo walinuniwa. Baada ya mwaka ndio waliokuwa na kiwanja chenye hati, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa na mpango. Kuwa na sauti moja nyumbani badala ya ishirini si ubahili. Mama mwenyewe, akielezwa vizuri, mara nyingi ndiye anayesimamia.

Na kuhusu michango yetu pia pana tahadhari. Mwenzetu akifiwa, desturi ni kupitisha daftari, na kwetu asiyetoa ndiye anayesemwa. Katika Falme za Kiarabu kukusanya michango kwa umma bila kibali ni kosa, hata kama nia ni kusafirisha maiti. Watu wengi hawalijui hilo mpaka siku ya msiba, ambayo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kujifunza sheria. Panapotokea jambo kubwa, njia iliyo salama ni kuanzia ubalozi mdogo na vyama vinavyotambuliwa, kabla tangazo halijarushwa kwenye makundi.

Lugha nitaigusa kwa kifupi. Watu hujiandaa kwa Kiarabu. Kiarabu ni kizuri, na mtu wa pwani anakipata haraka, ila jikoni, kwenye teksi, dukani na kwa msimamizi wa jengo maneno yanayofungua milango ni ya Kihindi na Kiurdu. Maneno mia mbili ya Kihindi yatakusaidia mwezi wa kwanza kuliko kozi nzima. Na usidharau Kiswahili chenyewe: pale Deira, kwa sababu ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Lubumbashi wanaokuja kununua mzigo, utakuta Mpakistani muuza simu anakukaribisha kwa Kiswahili chepesi na kukupunguzia bei.

Mji pia una majira yake, na asiyeyajua anaumia. Aliyefika Desemba anaukuta mji wa kutembea kwa miguu, anachagua kitanda dakika ishirini na tano kutoka stesheni, anaona ni karibu. Julai njia ile ile haipitiki mchana. Kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba serikali inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana, na hilo pekee linatosha kukueleza joto lenyewe. Ramadhani, saa za kazi hupunguzwa mbili kwa siku kwa wafanyakazi wote, awe amefunga au hakufunga, na maisha yanahamia usiku. Tangu Januari 2022 mapumziko ya serikali yamehamia Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikawa nusu siku, lakini sekta binafsi kila kampuni na utaratibu wake, na wengi wa watu wetu bado wana ofu moja tu kwa wiki, siku yoyote bosi atakayopanga.

Siku hiyo moja ina uzito mkubwa sana. Nimeona ikilaliwa yote, pazia limefungwa, mpaka magharibi. Uchovu ni wa kweli na usingizi ni haki ya mtu. Lakini mwezi wa sita wa kulala ofu zote mtu huanza kusema mji huu hauna kitu, wakati hajauona. Kuvuka Khor, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, kwa abra, yaani mashua ya abiria, kutoka Deira kwenda Bur Dubai ni dirhamu moja. Ufukwe wa Jumeirah ni bure, na tangu 2023 sehemu zake zimewekewa taa watu waogelee usiku, jambo ambalo kwa mtu wa zamu ya mchana ni neema. Ukuta wa Khor jioni, na zile jahazi za mbao zikipakiwa majokofu na matairi, hauna kiingilio. Kanisa la St. Mary's kule Oud Metha hufurika watu wa mataifa yote, na misikiti iko kila kona, na kote huko ndiko wengi walikopata fundi, daktari wa bei nafuu, nafasi ya kazi bora, mchumba. Mganda wangu wa vizibo vya masikio alipata kazi ya pili, iliyo nzuri zaidi, kwa mtu aliyecheza naye mpira Ijumaa usiku kwenye uwanja wa wazi nyuma ya majengo ya Al Qusais. Tangazo la kazi ile halikuwahi kutoka popote.

Nimekuwa nikisema kana kwamba kila mtu ana hiari. Wengi hawana, na wasio nayo kabisa ni dada zetu wa kazi za nyumbani. Wao hawana bedispesi ya kuchagua, hawana chungu cha pamoja, hawana koridoni pa kusikia habari. Wanalala mahali pa kazi. Sheria iliyotolewa mwaka 2022 inawapa siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za kupumzika kwa siku ambazo nane zifuatane, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na haki ya kukaa na hati zao wenyewe. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Lakini siku ya mapumziko ndani ya nyumba ya mwajiri, mtoto akigonga mlango, haipumzishi. Ili siku hiyo iwe siku, dada lazima ajue pa kwenda, ajue basi gani linampeleka, awe na kadi yenye dirhamu kumi, na huko anakokwenda pawe na watu wanaomngoja.

Hapo ndipo serikali zetu zinapoweza kufanya jambo lisilo ghali. Mafunzo ya kabla ya safari yanafundisha mashine ya kufulia, pasi, usafi wa bafu la kigeni, heshima kwa mwajiri. Yote yanamhusu mwajiri. Iongezwe siku mbili za mji: namna ya kusoma ramani ya metro na behewa la wanawake na watoto liko wapi, kadi ya Nol inaongezwaje fedha, namba ya Wizara na ya polisi, jina la mtaa anaokwenda kukaa, mshahara wa msingi ni upi kwenye karatasi aliyosaini, na fedha zitatumwa nyumbani kwa mpango gani. Familia iitwe siku moja kati ya hizo ikae chini na kusikia hayo ya fedha pamoja naye. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi mdogo Dubai. Ofisi hizo zifungue ukumbi siku za Jumapili na Ijumaa jioni, pawe na chai na mtu wa kusikiliza, ili dada asifike pale mara ya kwanza akiwa ametoroka na nguo za mwilini. Na hayo mafunzo ya mji yasitolewe na mtu aliyeusoma kwenye brosha. Wanawake waliomaliza miaka minne Jumeirah au Mirdif wakarudi Kilifi, Tanga na Temeke wapo, wanajua basi, wanajua mkataba, wanajua usiku wa kwanza unavyokuwa. Waitwe wafundishe, na walipwe kama walimu.